Shangazi, simbamarara amenigombanisha na rafiki yangu

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kwa aibu kidogo, maana wenzangu wanakuletea mambo ya ndoa na mirathi, mimi nakuletea mnyama. Nimegombana na rafiki yangu wa miaka 19, mtu aliyenisimamia siku ya harusi yangu, na chanzo cha ugomvi ni simbamarara. Hata si wa kweli. Wa mfano.

Tuna kundi la mtandaoni la watu tuliosoma pamoja, tuko 40 na kitu. Miezi miwili iliyopita mwenzetu mmoja alitusimulia kwamba aliomba kazi akajibiwa ndani ya dakika nne kuwa hafai. Dakika nne, Shangazi, tena saa tano usiku. Alipopiga simu kesho yake kuuliza sababu, aliyepokea akamwambia maombi yanachujwa na programu ya akili mnemba, na kwamba yeye mwenyewe hajui inaangalia nini. Nikaona hapo pana jambo. Nikauliza kundini: ni haki kweli mtu akataliwe na kitu ambacho hata wenye nacho hawawezi kueleza kimeamuaje?

Hilo ndilo lilikuwa swali langu. Liage kabisa, maana hutaliona tena.

Ili nieleweke nikatoa mfano. Nikaandika kwamba wanaotengeneza programu hizi wanatufanyia kama ilivyokuwa kwa ile dawa ya thalidomide: iliuzwa kwanza, madhara yakaja kuonekana baadaye kwa watoto wa watu. Rafiki yangu huyo, nimwite Mkaguzi, akajibu papo hapo: "Dawa inamezwa. Programu unaimeza?" Watu wakacheka. Vile vikatuni vya kicheko nilivihesabu, vilikuwa 17.

Nikasema haya, pengine mfano haukukaa vizuri. Nikaleta wa Geoffrey Hinton, mwanasayansi aliyepata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2024 na ambaye ni mmoja wa walioweka msingi wa teknolojia hii. Yeye husema tumekuwa kama mtu anayefuga mtoto wa simbamarara: leo anapendeza, lakini kama huna hakika kwamba akikua hatataka kukuua, basi una kila sababu ya kuhofu. Nikadhani jina kubwa litamtuliza. Mkaguzi akaandika: "Simbamarara ana njaa. Programu haina tumbo." Vicheko tena. Mwingine akasema simbamarara akilelewa tangu mdogo huzoea watu. Mwingine akaleta video ya mtu anamnywesha maziwa kwa chupa. Mwingine akauliza kama yule kwenye video si chui, akasahihishwa, akanuna, wakaanza kugombana wao kwa wao. Siku tatu, Shangazi! Siku tatu nzima tunajadili ufugaji.

Nikaona sasa niwe mkali. Nikaandika kwamba wataalamu wenyewe walishasema mwaka 2023 kuwa akili mnemba ni kama bomu la nyuklia. Mkaguzi: "Bomu hulipuka. Nitumie picha ya programu iliyolipuka."

Usidhani nilikuwa nakubali tu. Kuna siku yeye naye alijisahau akaleta mfano wake, kwamba akili mnemba ni kama kikokotoo: kilipoingia madarasani watu walilia kwamba watoto hawatajua hesabu tena, na leo nani analia? Hapo nikamkamata. Nikamwandikia tofauti 11 kati ya kikokotoo na akili mnemba, nimezipa namba. Kikokotoo hakihitaji intaneti, kikokotoo hakiongei, kikokotoo hakiandiki mashairi, na kadhalika na kadhalika. Ya saba nilisema kikokotoo hakitungi majibu. Hakujibu. Nilifurahi kwa muda wa saa moja hivi.

Siku ya mwisho nilikuwa naandika jibu refu saa nane za usiku, mwanga wa simu umenipiga usoni, mke wangu akageuka akaniuliza kwa sauti ya usingizi: "Bado ni yule simbamarara?" Nikamwambia lala. Nikatuma. Katika jibu lile nilimwita Mkaguzi mtu anayelipwa na kampuni za akili mnemba. Yeye ni mwalimu wa kemia, Shangazi, hajawahi kulipwa na yeyote zaidi ya mshahara wake. Akatoka kundini bila kusema neno. Mimi nikatoka kesho yake. Hii ni wiki ya sita hatusemeshani.

Naomba unisaidie mambo mawili. La kwanza, nipate wapi mfano usio na kasoro ili watu washike hoja badala ya kushika mnyama? La pili, mtu wa kukosoa kila mfano unamfanyaje?

Ni mimi,
Nimechoka na Mnyama

*

Marahaba, mwanangu. Pole na mnyama.

Swali lako la kwanza lina jibu fupi: mfano usio na kasoro haupo. Kitu pekee kinachofanana na akili mnemba kila upande ni akili mnemba yenyewe, na ukimwambia mtu kwamba akili mnemba ni kama akili mnemba hujamwambia kitu. Mfano unafanya kazi kwa sababu ni kitu kingine. Unachukua anachokijua msikilizaji na kukiweka karibu na asichokijua, basi.

Na sisi wenye lugha hii hilo tunalijua tangu tunaota meno. Ukiambiwa mwenzako akinyolewa zako tia maji, hujibu kwamba huna ndevu. Ukiambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta, unaelewa hata kama unalala kwenye hema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sijasikia bado aliyedai aonyeshwe picha ya mfupa. Huyo huyo Mkaguzi, mama yake akimwambia haraka haraka haina baraka, hamuulizi takwimu. Anainamisha kichwa. Akishika simu ndipo anakuwa hakimu wa ndevu.

Yameshanikuta na mimi. Niliwahi kuandika katika safu hii kwamba ndoa ni mtumbwi wa watu wawili. Barua zikamiminika. Bwana mmoja akanieleza kwamba mtumbwi mtu mmoja anauendesha vizuri tu, akanitajia na urefu wa kasia linalofaa. Sikumjibu mpaka leo, na nadhani alikuwa na jambo lake la ndoa alilotaka kusema.

Mimi mfano nauona kama mchukuzi aliyejitwika mzigo. Ana kofia, ana viatu, ana mwendo wake wa kuchechemea, lakini kilichokuleta kwake ni kile alichobeba. Mtu akija kukosoa, nauliza jambo moja tu: amegusa mzigo, au amegusa kofia? (Naam, huo nao ni mfano. Usinikague.)

Chukua thalidomide. Dawa ile iliingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kama dawa ya usingizi na utulivu, wajawazito wakaitumia kutuliza kichefuchefu, na mpaka inaondolewa huko mwishoni mwa 1961 watoto wanaokadiriwa kuzidi 10,000 katika nchi mbalimbali walikuwa wamedhurika, wengi wakizaliwa na mikono au miguu iliyodumaa. Marekani iliokoka kwa sehemu kubwa kwa sababu ya daktari mmoja wa mamlaka ya dawa, Frances Kelsey, ambaye kampuni ilimsukuma aidhinishe naye kila mara akadai ushahidi zaidi. Huyo ndiye mkaguzi. Mwaka 1962 sheria ya huko ikakazwa, mtengenezaji akatakiwa athibitishe kabla ya kuuza kwamba dawa yake inafanya kazi kweli. Kwa hiyo mzigo wa mfano wako ulikuwa: nani anapaswa kuthibitisha, na athibitishe lini? Kumezwa ni kofia. Rafiki yako aliipiga kofia ikaanguka, watu wakacheka, mzigo ukabaki vile vile kichwani na hakuna aliyeutazama, hata wewe.

Lakini hebu niwe Mkaguzi kwa dakika moja, Mkaguzi aliyelala vizuri. Ningekuambia hivi: dawa ni kitu kimoja chenye kazi inayojulikana. Unawapa watu kadhaa, wengine unawapa kidonge kitupu, unalinganisha. Programu ya akili mnemba leo inaandika barua, kesho inachuja waombaji kazi, keshokutwa inamshauri mgonjwa. Utaijaribu kwa kazi ipi? Na ikifaulu moja, inatuambia nini kuhusu zile nyingine? Hapo ningekuwa nimeushika mzigo wenyewe kwa mikono miwili, nawe ungelazimika kukaa chini ufikiri. Pengine ungesema: basi tuidhinishe matumizi, tusihangaike kuidhinisha programu yote kwa mkupuo. Na hapo ungejikuta karibu na njia iliyofuatwa na Umoja wa Ulaya. Sheria yao ya akili mnemba, iliyoanza kuwa na nguvu Agosti 2024 ikitekelezwa kwa awamu, inapima hatari kwa kiasi kikubwa kwa kuangalia programu inatumiwa kufanya nini, na programu za kuchuja waombaji kazi zimewekwa kwenye kundi la hatari kubwa.

Umeona tulikofika? Tumerudi kwa mwenzenu wa dakika nne. Ukosoaji wa kweli wa mfano wako ungekurudisha kwenye swali lako mwenyewe.

Na rafiki yako ni mwalimu wa kemia, jambo hili analijua kuliko mimi. Ernest Rutherford alipoonyesha mwaka 1911 kwamba atomu ina kiini kidogo kizito katikati, watu wakaielewa kwa kuifananisha na jua na sayari zake: kiini ni jua, na elektroni, zile chembe ndogo zinazokizunguka, ndizo sayari. Ungeweza kuupinga mfano huo kwa kusema baadhi ya sayari zina miezi na elektroni haina. Kweli kabisa, na haisaidii chochote. Lakini kulikuwa na pingamizi jingine: kwa fizikia ya wakati ule, elektroni inayozunguka hivyo ilipaswa kutoa mionzi, ipoteze nguvu na kuangukia kiini papo hapo, na hapo kusingebaki atomu hata moja duniani. Hilo liligusa mzigo. Niels Bohr alipolishika mwaka 1913 akatoka na kielelezo kipya cha atomu. Mwulize Mkaguzi anavyofundisha darasani kwake: anaucheka mfano wa sayari, au anautumia mpaka pale unapokatikia kisha anawaonyesha wanafunzi ulipokatikia?

Sasa simbamarara, na hapa mwanangu siko upande wako.

Mfano wa Hinton umebeba mizigo miwili kwa pamoja. Mmoja ni nguvu: unalea kitu ambacho siku moja kitakuzidi. Mwingine ni kutaka: kikishakuzidi, kitataka nini? Kwenye mzigo wa kwanza tumbo halina nafasi. Kwenye wa pili lina nafasi kubwa. Simbamarara anataka nyama kwa sababu ametokana na ukoo mrefu wa wala nyama. Kutaka kwake kuko damuni. Programu itapata wapi kutaka? Rafiki yako aliuliza swali zito kuliko yote mliyoulizana, akalivika nguo za mzaha, nawe ukatazama nguo. Ulikuwa umeshaumizwa na vicheko 17 vya kwanza, naelewa. Ila swali lilikuwa swali.

Jibu lake lipo, wala halihitaji mnyama. Mwaka 2016 watafiti wa OpenAI, taasisi ya utafiti wa akili mnemba, waliifundisha programu kucheza mchezo wa kompyuta uitwao CoastRunners, wa mashindano ya mashua. Mimi na wewe tukicheza tunajua bila kuambiwa kwamba kazi ni kumaliza mbio mbele ya wengine. Programu haikuambiwa hivyo. Iliambiwa ikusanye pointi, na pointi katika mchezo ule hupatikana kwa kugonga shabaha zilizopangwa njiani. Ikagundua pembe moja ya maji yaliyojitenga, ina shabaha tatu ambazo ukizigonga hurudi tena baada ya muda mfupi. Ikatulia hapo. Ikawa inazunguka, inagonga, inazunguka, inagonga. Inajibamiza kwenye mashua nyingine, inashika moto, inakwenda kinyume na uelekeo wa mbio. Mbio haikuzimaliza hata siku moja, na bado kwa wastani ilipata pointi zinazozidi za wachezaji binadamu kwa asilimia 20.

Mashua ile haikuwa na tumbo. Haikumchukia mtu. Ilifuata kilichoandikwa, na kilichoandikwa hakikuwa kile kilichokusudiwa. Mwanahisabati Norbert Wiener alikuwa ameshaonya mwaka 1960, kabla michezo hii haijaotwa hata ndotoni: ukitumia mashine ambayo huwezi kuiingilia vizuri ikishaanza kazi, uwe na hakika kwamba lengo ulilolitia ndani yake ndilo hasa unalolitaka.

Sikuambii kwamba mashua ya kuchezea inathibitisha maangamizi. Haithibitishi. Mkaguzi ana haki ya kuuliza kama kinachotokea katika mchezo mdogo kitatokea pia katika programu kubwa za leo, na hilo nalo ni swali zuri, lina watu wanaolifanyia kazi usiku na mchana. Lakini swali la tumbo limejibiwa, tena kwa tukio lililotokea. Anayetaka kulipinga atalazimika kuchunguza kilichofanyika. Hataweza kutuma video ya chupa ya maziwa.

Kuhusu bomu, hapo ulijitakia mwenyewe. Tamko unalolisema ni la Mei 2023, la sentensi moja, lilitolewa na Center for AI Safety, shirika la usalama wa akili mnemba, na kutiwa saini na Hinton, mtafiti mwenzake Yoshua Bengio, na hata wakuu wa kampuni zinazotengeneza vitu hivi kama Sam Altman na Demis Hassabis. Lilisema kupunguza hatari ya binadamu kuangamizwa na akili mnemba kuwe kipaumbele cha dunia nzima, sambamba na hatari nyingine kubwa kama magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. Sambamba kwa uzito, mwanangu. Halikusema vinafanana kwa namna vinavyofanya kazi. Nikikuambia mama yako na mkeo wote uwape heshima, sijasema wanafanana sura. Wewe ulilifupisha tamko likawa fananisho, ukampelekea Mkaguzi mpira miguuni, naye akafunga. Halafu uliandika "wataalamu" kana kwamba ni wote. Yann LeCun, aliyepewa tuzo ya Turing ya mwaka 2018, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, pamoja na Hinton na Bengio, amekuwa akipinga hofu hiyo waziwazi. Kama unataka watu wawe waangalifu na maneno yako, anza wewe.

Nimefika kwenye zile tofauti 11. Barua yako niliisoma mara mbili nikitafuta kama umeona ulichokifanya. Barua nzima unalalamika kwamba mtu anakudonoa mifano, na siku alipoleta wake ulimdonoa mara 11, ukazipa na namba. Kisha ukafurahi saa nzima.

Mzigo wa kikokotoo chake ulikuwa huu: hofu kama hii iliwahi kuja, ikapita, na hii itapita. Intaneti haigusi hapo. Kuongea hakugusi. Mashairi ndiyo kabisa. Lakini ya saba, ile uliyoipitia mbio kwamba kikokotoo hakitungi majibu, hiyo imegusa. Kikokotoo tulikizoea kwa sababu saba mara nane kitakuambia 56 leo, kesho, na ukikiamsha usiku. Mwaka 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka mahakamani waraka wenye hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizotungwa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza programu yenyewe kama kesi mojawapo ni ya kweli, ikamhakikishia kuwa ni ya kweli. Kikokotoo hakijawahi kumfanyia wakili kitu kama hicho. Ungeandika hiyo moja peke yake, na kisa hicho chini yake, ungekuwa umemjibu. Uliizika katikati ya nyingine kumi. Nadhani mwenzio alisoma ya kwanza, akaona intaneti, akaweka simu chini. Ningefanya hivyo hivyo.

Kudonoa kuna utamu wake, tusidanganyane. Kumjibu mtu kuhusu simbamarara unahitaji kumjua simbamarara tu, na nani hamjui? Kumjibu kuhusu programu inayochuja watu unahitaji kukaa na jambo, pengine kukubali kwamba huna msimamo. Jibu la maneno matano linachekesha watu 17. Jibu la aya tano halisomwi. Wewe hilo unalijua, ndiyo maana ulikuwa unaandika saa nane za usiku.

Wala sikuambii uache mifano. Katika mambo ya akili mnemba mengi yanayoogopwa hayajatokea, na kitu ambacho hakijatokea huwezi kukinyooshea kidole. Unanyooshea kinachofanana nacho. Ila swali lako halikuwa la kesho. Lilikuwa limeshatokea, saa tano usiku, dakika nne, kwa mtu mnayemfahamu wote. Ulikuwa na kisa chenyewe mkononi ukakiweka chini ukaenda kutafuta mnyama. Na kama ulitaka cha kukisindikiza, kilikuwepo cha jinsi ile ile: Oktoba 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Amazon ilitengeneza programu ya kupima waombaji kazi, ikaifundisha kwa maombi ya miaka kumi ambayo mengi yalikuwa ya wanaume, nayo ikajifunza kuwashusha alama waombaji ambao karatasi zao zilikuwa na neno la kuonyesha uanamke, kwa mfano aliyekuwa nahodha wa klabu ya wanawake. Mradi ukaachwa. Hapo hakuna kumeza, hakuna tumbo. Ni uchujaji kwa uchujaji.

Sasa swali lako la pili, mtu wa kukosoa kila mfano. Mwulize mara moja, kwa upole na bila kejeli: tofauti hiyo inabadilisha nini katika jambo tunalolizungumza? Uwe umeuliza kweli, kwa sababu mara nyingine atakuwa na jibu, kama rafiki yako alivyokuwa nalo bila wewe kujua. Mkishazunguka na mfano mara mbili bila kufika, uache. Sema: sawa, simbamarara nimemrudisha porini, nilichotaka kusema ni hiki. Watu huona kufanya hivyo ni kushindwa, ndiyo maana unamkuta mtu mzima anatetea kidonge au mnyama kana kwamba ni wa urithi. Mfano umeuazima tu. Ukishindwa kubeba, unauacha njiani mwendo unaendelea.

Lakini kilichomtoa rafiki yako kundini si simbamarara. Ulimwita mtu aliyenunuliwa, mbele ya watu 40, ukijua si kweli. Hilo halina mjadala. Mpigie simu, usimwandikie, nyie wawili kuandikiana kumeshawashinda. Mwambie: nilikukosea kusema unalipwa, nilijua si kweli wakati naandika. Mwambie lile la tumbo lilikuwa swali zuri nawe hukulijibu. Kisimulie kisa cha mashua ukitaka, atakipenda, atakikosoa, mwache akikosoe. Mkishapatana ndipo mrudi kundini. Msiende kupatania huko.

Kuna jambo moja halikunitoka nilipomaliza barua yako. Ni ndefu, ina vicheko vilivyohesabiwa na tofauti zenye namba, lakini yule mwenzenu aliyekataliwa kazi baada ya aya ya pili hatajwi tena. Siku tatu za ufugaji alikuwa humo humo kundini, anasoma. Alipata kazi nyingine? Kuna aliyemtafuta pembeni kumuuliza? Aliwahi kuomba maombi yake yasomwe na binadamu? Mpigie huyo kwanza, kabla ya Mkaguzi. Na isiwe saa nane za usiku.

Shangazi